Maji ya Bwawa la Kwanza

Malindi,
12 Mei 1986

Mdogo wangu Nduku,

Nakusalimu, na mumeo Gerishom nampa salamu zake, ingawa yeye hajawahi kuniletea zangu. Huku tu wazima. Easter alishikwa na homa siku nne, ya tano akaamka akafua mashuka yote ya nyumba, kwa hiyo nadhani amepona. Mama nilimwona Ganda Jumapili. Mihogo imeshika, mbuzi amezaa mapacha, naye amenituma nikuulize kama njia ya kutoka Marereni kuja huku imefungwa. Swali nimelifikisha. Jibu mpe mwenyewe.

Sasa la maana. Unakijua chumba changu cha kukatia vioo, nyuma ya duka la vitambaa la Mukesh Gokaldas. Mwaka huu ni wa kumi na moja. Niliingia na almasi moja ya kukatia na meza niliyoipigilia kwa mbao za masanduku, na hakuna aliyenishika mkono. Mwezi uliopita Mukesh akaniambia anakitaka kiwe ghala. Nilikuwa nimeanza kufunga vitu ndipo mama yake akaingilia. Jina lake ni Lilavati, lakini nyumba nzima humwita Ba, ndivyo waitavyo mama kwa lugha yao, nami nimefuata. Miguu ya Ba imekataa ngazi tangu mwaka jana. Zamani alikuwa akishuka ufukweni kila asubuhi kuwarushia samaki vidonge vya unga. Sasa anataka bahari impandie.

"Fundi," akaniambia, "wewe najua kioo. Tengeneza bahari kidogo kwa mimi. Chumba basi iko yako."

Mukesh alikuwa amesimama pale. "Ba, bahari haitengenezwi na fundi wa madirisha."

Neno hilo halijashuka kooni mpaka leo.

Tumekubaliana hivi. Sanduku la kioo litawekwa sebuleni kwao ghorofani, lenye samaki na matumbawe hai. Sikukuu yao ya Divali, mwanzo wa Novemba, ikikuta vyote vinaishi, chumba kinabaki changu. Vikifa, ni ghala. Na Ba ametia sharti lake: wao hawali nyama wala samaki, hata yai haliingii jikoni, kwa hiyo hataki kifo ndani ya nyumba yake.

Sanduku limekwisha. Futi nne, kwa moja na nusu, kwa moja na nusu. Ni futi tisa za ujazo, yaani lita 255, na halivuji hata tone. Chini nimelaza mabomba ya nusu inchi niliyoyatoboa, juu yake mchanga wa matumbawe, na pampu ndogo ya hewa inayavuta maji yapite mchangani yajichuje. Tatizo ni maji yenyewe. Mto Sabaki umefurika na bahari yote ya hapa imekuwa chai ya maziwa. Niliteka ndoo nikaiacha siku mbili, tope likatua kimo cha vidole viwili.

Ndipo nikawaza: ninyi huko mnashinda mkifanya nini? Mnaitoa chumvi baharini. Basi chumvi ikirudi majini, bahari imerudi. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35. Mara 255 ni gramu 8,925. Nitumie kilo tisa, nyeupe, kwa lori la kiwanda. Maji ya bomba ninayo.

Wewe ndiwe mpimaji wa maji hapo, kwa shule niliyoiacha mimi darasa la sita ili wewe uendelee. Angalia hesabu yangu kama ina kosa.

Kaka yako,
Joram

*

Marereni,
30 Mei 1986

Kaka Joram,

Shikamoo. Barua yako ilifika ikiwa imelowa kona moja, lakini inasomeka yote. Nimefurahi wifi Easter ameinuka. Sisi hatujambo. Mvua ilitusimamisha majuma matatu. Sasa jua limerudi na mabwawa yameanza kukauka. Gerishom bado yuko Ngomeni kwenye yale mabwawa ya kufugia kamba, anaondoka alfajiri.

Mwambie Mama njia haijafungwa.

Kilo tisa anakuletea Dzombo, dereva wa lori. Nimezichagua mwenyewe, hazina mchanga.

Hesabu yako ni sahihi.

Ndimi,
Nduku

*

Malindi,
10 Juni 1986

Mdogo wangu Nduku,

Salamu nyingi. Easter anakusalimu, na mapacha wa mbuzi wanaruka ukuta. Mumeo nimpe pole ya safari za Ngomeni. Mkamba kufuga kamba, hiyo nayo ni kazi ya kuhadithia wajukuu.

Chumvi ilifika. Nikaacha maji ya bomba siku mbili yatoke dawa, nikakoroga, nikatia kile kipimo cha kioo kinachoelea ambacho ulinipa ulipobadilishiwa cha kazini. Kikasimama pale pale panapotakiwa. Tarehe nne Thoya mvuvi akaniletea samaki watano wa rangi kutoka nje ya mipaka ya hifadhi, wawili kipepeo na watatu wadogo wenye milia, na kipande cha tumbawe laini. Ba alisogezewa kiti mbele yao akapiga makofi.

Samaki wametulia.

Nina swali moja, kwa kuuliza tu. Lile gunia lilikuwa safi? Halikuwahi kubeba mbolea au dawa ya wadudu? Nijibu upesi kama unaweza.

Kaka yako,
Joram

*

Marereni,
22 Juni 1986

Kaka Joram,

Shikamoo. Huku ni joto na nzi. Dzombo ameoa mke wa pili na hataki tulitaje.

Gunia lilikuwa jipya.

Samaki waliotulia nimewaona mara nyingi, juu ya meza za sokoni. Easter alimwambia Mama, na Mama amenitumia habari kwa mwanamke wa kanisani kwao anayeuza huku vikapu. Sijui kwa nini nipate habari zako kwa muuza vikapu wakati una kalamu. Niandikie ilivyokuwa, kwa urefu.

Ndimi,
Nduku

*

Malindi,
1 Julai 1986

Nduku,

Mama ni mzima. Easter ni mzima na nimemkataza kuzungumza na mtu wa vikapu.

Umetaka urefu, haya. Samaki waliingia saa nne asubuhi. Wa kwanza alilala ubavu baada ya muda wa saa tisa. Wa pili na wa tatu walifuatana, baada ya saa kumi na nne. Wa nne alizunguka kona moja kama mlevi anayetafuta mlango, akafa. Wa tano, kipepeo mkubwa, alidumu saa thelathini na moja. Tumbawe liligeuka ute na harufu ikaingia kwenye mapazia. Ba hakupiga kelele. Alivua mtandio wake akafunika kioo, akasema, "Fundi, wewe leta kaburi kwa nyumba yangu." Siku mbili hakula. Mukesh akashuka kwenye chumba changu na tepu ya kupimia, mbele yangu, akapima atakapoweka rafu zake. Nilimsaidia kushika ncha ya pili.

Nimemwomba Ba nafasi ya mara moja tu. Amenipa, ila akifa hata mmoja tena sanduku linatoka, nami natoka nalo.

Nimerudia hesabu mara saba. Maji lita 255, chumvi gramu 8,925, joto digrii 27, kipimo kimesimama sawa. Kila namba iko sawa na kila samaki amekufa. Mimi ni mtu wa mkono na hesabu. Kitu kikikataa, najua pamelegea wapi. Hapa sioni. Wewe umekaa juu ya maji hayo miaka sita, umevaa koti jeupe. Nakuuliza wazi na unijibu wazi. Uliposema hesabu ni sahihi, ulijua?

Joram

*

Malindi,
29 Julai 1986

Nduku,

Siku ishirini na nane bila jibu. Dzombo amepita hapa mara tatu, kila mara anasema hajapewa kitu. Mara ya tatu alishindwa kunitazama machoni. Zimebaki siku tisini na tano hadi Divali. Kama umeugua, sema. Kama hujaugua, pia sema.

Joram

*

Marereni,
10 Agosti 1986

Kaka Joram,

Shikamoo. Sikuugua. Hii ni barua ya nne; tatu nilizichana.

Nilijua. Nilipokuwa nafunga lile gunia nilijua.

Sisi huyavuta maji ya bahari kutoka bwawa hadi bwawa, na jua linayapunguza. Kwanza hushuka chokaa. Baadaye hushuka chumvi, tunaikokota. Mwisho hubaki maji mazito, machungu ulimini kama kwinini, tunayamwaga. Chokaa ile na uchungu ule ndivyo samaki na matumbawe wanavyoishi kwavyo, pamoja na chumvi. Wewe ulirudisha kimoja majini ukadhani umerudisha bahari. Kipimo kinachoelea hakiwezi kukuonya, kwa sababu hupima uzito wa maji, hakijui uzito huo ni wa nini. Kila mpimaji hapa anafundishwa hilo juma la kwanza.

Uliniuliza kuhusu hesabu, nami nikajibu kuhusu hesabu. Nilijificha nyuma ya neno la kweli.

Na sababu unaijua. Wazee wa Gerishom walipokuja Ganda kunichumbia, ulisimama ukaniweka mkono kichwani ukawaambia, "Huyu mnayemwona nimemtengeneza mimi, kama kabati." Mjomba wake akasema, "Basi tutakagua bawaba." Watu wakacheka. Wewe ulicheka kuliko wote. Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe, nikabaki nimesimama nalo kama hilo kabati. Tangu siku hiyo, kila barua yako ina darasa la sita ndani yake. Kaka, mimi nalikumbuka darasa lako la sita. Nililikumbuka kila usiku nilipofungua kitabu. Lakini mtihani niliufanya peke yangu.

Hiyo ni sababu, si udhuru. Wale samaki watano hawakunikosea, wala yule mama. Nimekosa, nisamehe.

Sasa kazi. Usitumie chumvi tena. Bwawa letu la kwanza kabisa ni bahari tupu: tope limeshatua, na jua halijatoa kitu bado, limekausha maji kidogo tu. Leo nimelipima, lina gramu 40 kwa lita. Msimamizi wangu amekubali. Dzombo atakuletea madumu kumi na moja ya plastiki, ya lita ishirini, si mapipa ya chuma. Ni lita 220. Ongeza lita 35 za maji baridi, yasiyo na chumvi, yaliyotulia siku mbili, utapata gramu thelathini na nne na nusu. Mawe na mchanga vitakula nafasi, maji yatabaki. Yafunike, yaweke gizani kama akiba.

Mchanga wa zamani mwaga. Mwambie Thoya akuletee mchanga mpya na mawe ya baharini yenye viumbe vidogo juu yake, yasikauke njiani. Kisha usitie samaki. Gerishom ndiye anayesema hivi, kwa sababu kamba zao wa kwanza walikufa hivyo hivyo. Uchafu wa samaki hugeuka sumu, na mchanga na mawe yana vijidudu visivyoonekana vinavyoila sumu hiyo. Lazima vizaane kwanza. Siku arobaini. Najua wewe na kungoja, lakini siku arobaini.

Ndimi,
Nduku

*

Malindi,
7 Septemba 1986

Nduku,

Salamu. Mama ana jino linalomsumbua na hataki ling'olewe. Easter amepanda sukuma wiki nyuma ya nyumba.

Madumu kumi na moja yalifika, hakuna lililovuja. Nilianza tarehe 19 Agosti. Leo ni siku ya ishirini. Nimefunga taa mbili za mrija juu, zinawaka saa kumi kwa siku.

Siku tano za mwanzo Mukesh alikuwa akipanda ngazi na wateja wake kuwaonyesha. "Karibuni mwone, fundi anafuga mawe." Mmoja akauliza kama mawe yanazaa. Nilikuwa nafuta kioo, nikaendelea kufuta. Lakini mimi mwenyewe kungoja kunanila. Siku ya saba vioo viligeuka kahawia nikataka kumwaga maji yote, nilishaishika ndoo. Siku ya kumi na mbili kahawia ikaanza kuondoka yenyewe. Siamini kitu kinachojitengeneza chenyewe. Napanda kule mara nne kwa siku kuangalia maji ambayo hayahitaji kuangaliwa, na oda ya madirisha ya shule imechelewa.

Ba ameondoa mtandio. Juzi aliniita kwa sauti nikadhani ameanguka. "Fundi, hii jiwe iko na miguu." Alikuwa kaa mdogo aliyevaa kombe la konokono. Sasa anahesabu viumbe: kaa watatu, mnyoo mmoja kama shanuo, na nyota ya ukubwa wa kifungo cha shati. Jana, kwenye jiwe la kushoto, tumbawe ambalo Thoya alidhani limekufa lilifungua vidole vyake. Nilihesabu, ni vidole ishirini na sita, kila kimoja na kucha nane nyeupe. Ba alishika mkono wangu hadi vikafunga.

Kuhusu mengine uliyoandika, nimesoma.

Joram

*

Marereni,
18 Septemba 1986

Kaka Joram,

Shikamoo. Mpe Mama karafuu atafune upande wa jino. Sisi tuko salama.

Umesoma. Haya.

Jambo moja kabla hujamwambia Thoya alete samaki. Wale kipepeo hula matumbawe, na wengi wa wale wa rangi hula vijinyama. Utamkatakatia kamba nani, kwenye jiko la nani? Siku ya kwanza utakapopanda ngazi za Ba na kibakuli cha nyama mbichi, sharti lake umelivunja. Gerishom aliuliza hivi, mimi nilikuwa nimesahau.

Chukua tafi wawili wadogo. Najua utacheka, tafi ni samaki wa kukaanga, si wa kutazamwa. Lakini tafi hula mwani, ng'ombe wa baharini huyo, na hujilisha mawe hayo hayo kutwa. Hakuna kitakachochinjwa kwa ajili yake. Achukuliwe kwenye dema, ule mtego wa kusukwa, si kwenye ndoana. Na angalia miba ya mgongo.

Ndimi,
Nduku

*

Malindi,
5 Novemba 1986

Mdogo wangu Nduku,

Nakusalimu, na Gerishom msalimie kwa dhati, si kama nilivyozoea. Mama jino lilianguka lenyewe akila muwa. Easter anasema yeye anakuja kwako Krismasi, mimi nikija au nisije.

Tafi waliingia tarehe 29 Septemba. Mmoja alinichoma kidole gumba kabla hajatoka dumuni, nikashindwa kushika almasi siku tatu. Mukesh alipowaona aliniuliza vitunguu viko wapi. Ba ndiye anayewalisha, mwani analetewa na Thoya, naye anaupasua kwa vidole kama majani ya dania. Wanakuja mkononi. Mchana wana rangi ya mzeituni na madoa meupe, taa zikizimwa wanageuka kahawia. Mimi nimekula tafi maisha yangu yote na sikulijua hilo.

Tarehe 30 Oktoba, siku mbili kabla ya Divali, umeme ulikatika saa tatu asubuhi. Pampu ikanyamaza. Baada ya saa moja na nusu tafi walikuwa juu wanahema. Nikachukua jagi, nikateka na kumimina kutoka juu ili maji yameze hewa. Nikafika mia nne na kumi na mbili, mkono ukafa. Nikasikia mtu ananinyang'anya jagi. Alikuwa Mukesh, amefunga duka mchana kweupe. Akamimina akiwa na saa yake ya dhahabu, maji yanaruka ukutani, kwenye zulia, kwenye suruali. "Unamwaga," nikamwambia. "Wewe ulimwaga zaidi," akasema. Tulipokezana mpaka saa kumi jioni. Hesabu ilinipotea na sikujali kuitafuta.

Divali ilikuta tafi wawili, kaa watatu, nyota mmoja na tumbawe wazi. Wageni walikuwa wengi. Ba akawaambia bahari hii imetengenezwa na fundi wake. Nilikuwa mlangoni. Nikasema hapana, maji ni ya mdogo wangu wa Marereni na subira ni ya shemeji yangu. Kioo ndicho changu. Ilinitoka hivyo, mbele ya watu, kama yale mengine yalivyonitoka Ganda.

Yale ya Ganda, Nduku, yalikuwa uongo. Sikukutengeneza. Niliacha shule kwa sababu Baba alisema mmoja aache, na mimi nikataka nipewe sifa kwa lililoamuliwa na mtu mwingine. Tena hesabu nilikuwa nazipenda, hilo sijawahi kumwambia mtu. Nilicheka siku ile kwa sababu ningenyamaza ningelia. Nisamehe. Na lile la chumvi nimelisamehe, ingawa wale samaki watano bado nawaota.

Chumba ni changu. Mukesh amechukua pembe moja aweke majora yake, nimemruhusu.

Sasa shida iliyoko. Katika zile fujo za jagi, kipimo cha kioo kilipigwa na dumu kikavunjika. Sandukuni maji yamepungua vidole vitano. Mengine yalikauka, hayo yaliacha chumvi ndani. Mengine tuliyamwaga, hayo yaliondoka na chumvi yake. Mangapi yalikauka na mangapi yalimwagika, sijui. Nikiongeza maji baridi naweza kuyazimua mno, nikiongeza ya akiba naweza kuyakoleza mno, na tumbawe tangu jana limefungua nusu tu. Nimekaa na karatasi siku tatu, namba hazitoshi. Kipimo kingine kinapatikana Mombasa na nauli ninayo, lakini sikitaki.

Sijui, Nduku. Lori la Dzombo linapita Ijumaa. Panda mbele, njoo na kipimo chako, uniambie haya maji ni nini.

Kaka yako,
Joram